Mwalimu Aliyekataa Nyongeza

Mara ya kwanza nilipomwona, alimtukana shangazi yangu bila kusema neno baya hata moja.

Ilikuwa siku ya soko pale Mpondwe, yapata saa nne asubuhi. Malori yalikuwa yamepanga mstari kuelekea forodhani, madereva wamejilaza chini yake kwenye kivuli, na mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya magunia ya shangazi, nimenuna. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita Bwera mwaka mmoja kabla, nikafaulu vizuri, kanisani wakanisimamisha wakanipigia makofi, na baada ya makofi nikarudi kuuza maharagwe. Karo ya chuo haikuwepo. Shangazi alinilea peke yake tangu mama yangu afariki, na alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake. Nililijua hilo vizuri, lakini kujua hakumzuii mtu kununa.

Akaja mama mmoja wa makamo, gauni la kitenge, raba za kukimbilia miguuni, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akasalimia kwa Lhukonzo cha milimani, salamu ile ndefu ya kuulizia watoto, shamba, mpaka mbuzi. Shangazi akayeyuka. Akampimia vikombe viwili vya maharagwe ya manjano, kila kikombe na kilima chake juu, kisha akazamisha mkono guniani, akachota mkono mzima, dole gumba likisaidia, akamwagia juu yake. Hiyo ndiyo nyongeza. Wenzetu wa ng'ambo ya Kongo wanaiita matabishi. Hakuna sheria inayoidai wala inayoikataza. Ni mkono wa muuzaji tu, namna unavyomwona mnunuzi.

Yule mama akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa maharagwe, akaitoa nyongeza yote, akairudisha guniani. Akachungulia, akaona punje mbili zimebaki, akazirudisha na hizo.

"Aksanti, mama," akasema. "Lakini hii si yangu."

Majirani wakaacha kupima. Kwetu kurudisha nyongeza ni kama kukaribishwa kiti nyumbani kwa mtu, wewe ukaketi sakafuni makusudi. Shangazi alishika kikombe chake cha bati kwa mikono miwili.

"Mama, mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Yule dada aliyenitangulia umempa punje nne. Nimezihesabu. Mimi umenipa mkono mzima. Nataka kujua kwa nini."

Aliyemtangulia alikuwa mke wa askari, mtu wa kaskazini ya mbali, aliyekaa kambini na watoto wake. Alikuwa ameshaondoka na punje zake nne.

"Ule?" shangazi akasema. "Ule amenijia hapa hana habari, hana salamu. 'Wewe, pima kikombe mbili, haraka.' Mimi iko kuruti wake?"

Mama wa miwani akatoa daftari, akaliandika jibu hilo kama lilivyo, na neno kuruti akalipigia mstari. Kisha akanyoosha kidole kwangu.

"Na huyu anayesoma gazeti la kufungia dagaa, ni nani?"

Hivyo ndivyo nilivyompata Mwalimu. Soko zima lilikuja kumwita hivyo, na mimi sitamwita vinginevyo. Alizaliwa Bwesumbu, huko juu ambako hata kuku wanatembea wameinama, akasoma, akafundisha chuoni Kampala mpaka mvi zikamjaa, kisha akastaafu akapanga nyumba ya vyumba viwili Kasese mjini. Wastaafu wengine hufuga nguruwe. Yeye alikuwa na swali moja aliloliweka moyoni maisha yake yote: je, sokoni watu wote wanatendewa sawa? Aliandika vitabu juu ya swali hilo, na nijuavyo mimi hakuna mtu hata mmoja wa Mpondwe aliyevisoma. Yeye mwenyewe alilisema hilo akicheka, lakini ulikuwa unaona linamuuma.

Alikuwa na desturi moja zaidi. Kila alipofanya utafiti alichukua mtu wa hapo hapo sokoni, akamshika mkono na kumfundisha kazi hatua kwa hatua mpaka aweze kusimama mwenyewe. Mwaka huo nilishikwa mimi. Jumamosi nilipanda gari kutoka Bwera mpaka Kasese, nikakaa mezani kwake, akaninyanyasa. Naam, akaninyanyasa, sina neno jingine. Nikiandika "watu wote wanasema", anauliza, "Watu wote ni akina nani? Nitajie watatu." Nikimuuliza swali, ananirudishia: "Wewe umeonaje?" Alisahihisha kwa kalamu ya kijani, maana nyekundu, alisema, ni ya wauza nyama. Na chai yake haikuwa na sukari, kwa sababu aliamini mwanafunzi akishanyweshwa sukari anakubali kila kitu. Nilirudi nyumbani kila wiki na hasira na njaa, na kila wiki niliisubiri Jumamosi kuliko Krismasi.

Utafiti wenyewe ulikuwa juu ya nyongeza. Wanunuzi watatu wangepita meza zile zile kumi na mbili, siku tatu za soko, wakinunua kikombe kile kile. Wa kwanza ni Mwalimu mwenyewe, Mkonzo na mtu mzima. Wa pili ni mama mchukuzi wa Kasindi, Mkongo, aliyevuka mpaka kila siku na mizigo kichwani. Wa tatu ni yule yule mke wa askari. Mwalimu alimfuata mpaka kambini, akamwomba, na yule dada akakubali kwa neno moja, "Sawa," akapiga kisigino. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye baraza ya duka lililofungwa, nipokee nyongeza, nipime, niandike. Meza zilipewa namba badala ya majina ili mtu asiaibike. Shangazi alikuwa meza ya saba.

Sasa, ili nyongeza ipimike ilibidi itiwe kwenye kavera yake peke yake, isichanganyike na maharagwe yaliyonunuliwa. Hapo ndipo tulipopotea. Mtu anayeomba umtilie nyongeza yako kwenye mfuko mweusi wa peke yake, halafu anaupeleka kwa bikizee mwenye miwani ya kamba, wewe ungemwelewaje? Kufikia saa sita habari zilikuwa zimezunguka kwamba bahati ya soko inakusanywa. Mama mmoja wa vitunguu alianza kutemea mate kila nyongeza kabla ya kuitoa, kwa kujikinga. Mwalimu aliniambia niandike hilo nalo, kwenye safu ya "mengineyo".

Siku ya pili ilikuwa mizani. Ilikuwa ndogo, ya betri, inatosha kwenye kiganja. Popote pengine duniani ni mizani ya kupimia hamira. Mpakani kwetu, kila mtoto anajua mizani ya ukubwa huo inapima kitu gani kutoka Kongo. Akaja afande mmoja taratibu, mikono nyuma.

"Mama, hii mizani iko ya nini?"

"Ya kupimia nyongeza, afande," akajibu Mwalimu.

"Nyongeza ya dhahabu?"

"Ya maharagwe."

Akacheka kicheko cha mtu aliyeshadanganywa na wengi. "Fungua kavera."

Nikafungua. Akamwaga punje kiganjani, akazigeuzageuza, akauma moja. "Kweli ni maharagwe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni. Toka siku hiyo mawakala wa forodha walianza kumwamkia Mwalimu kwa heshima kubwa, na mmoja alimnong'oneza kwamba yakipatikana maharagwe mazuri, yeye anamjua mnunuzi.

Tulicheka sana siku zile. Lakini katikati ya kicheko hicho nilikuwa na jambo langu linaloninyima usingizi. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba chuo alichofundisha kinampa nafasi moja ya mtu kusoma bure kwa barua yake, na kwamba barua hiyo ataniandikia mimi, kazi ikiisha na ikiwa safi. Nafasi moja tu, mara moja tu. Nilianza kutembea nayo kichwani. Nilishajiona nina begi.

Na machoni pangu kazi haikuwa safi, kwa sababu ya meza ya saba. Meza nyingine zilipendelea kidogo, huyu akipata zaidi na yule pungufu, kama binadamu. Shangazi yangu alikuwa jambo jingine. Mwalimu, mkono mzima. Mama wa Kasindi, mkono mzima na utani juu yake. Mke wa askari, punje nne. Siku ya kwanza nne, siku ya pili nne, kana kwamba anazo zimehesabiwa pembeni. Hakuna meza iliyokuwa na pengo kama hilo katika soko lote. Mwanamke aliyeniogesha, akanisuka, akauza kanga yake nzuri ili nifanye mtihani, ndiye angekuwa mfano mbaya kuliko wote katika kitabu cha Mwalimu.

Siku ya tatu nilibaki peke yangu barazani. Mke wa askari akaleta kavera ya meza ya saba, akaondoka. Nikachungulia: nne. Kwenye kikapu changu kulikuwa na maharagwe ambayo shangazi alinituma niyapeleke Nyakiyumbu jioni, kwenye shamba letu. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikachota mkono mzima kutoka kikapuni, nikatia ndani ya kavera, nikapima, nikaandika. Nilijisikia mtu mwema sana. Niliona nimemwokoa shangazi na barua pia nimeiokoa, kwa mkono mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifika Kasese tu.

Nilikuwa sijui kwamba Mwalimu anakula utafiti wake. Kavera zote tulizompelekea alizipika moja baada ya nyingine, kila moja pamoja na kikombe chake kilichonunuliwa, maana hakuvumilia chakula kutupwa. Jumamosi iliyofuata alinikaribisha chakula cha mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mimi mjinga nikadhani ni sherehe. Akaniwekea sahani. Maharagwe ya manjano, yameiva yakalainika, rojo zuri, na vitunguu. Na katikati yake maharagwe mengine, mekundu yenye madoa, yamekaa mazima kama yalivyozaliwa.

Niliuma moja. Jino likalia.

Mwalimu alikuwa anakula polepole. Kila alipokutana na jekundu alilitoa kwa ncha ya kijiko, akalipanga kwenye ukingo wa sahani, moja pembeni ya jingine. Mimi nikaanza kuyameza.

"Kula," akasema.

"Nimeshiba, Mwalimu."

"Hujashiba. Unameza bila kutafuna."

 Safu ya ukingoni ikaendelea kukua.

"Mimi nimezaliwa Bwesumbu," akasema. "Nimechambua maharagwe kabla sijajua kuandika jina langu. Shangazi yako anauza ya manjano. Haya mekundu ni mbegu, tena mbegu ya zamani, na mliihifadhi kwa jivu. Nimechemsha toka asubuhi, makaa yameniishia. Mbegu hii haikutoka kwenye mkono wa shangazi yako."

Nililia hapo hapo, juu ya sahani. Nilimweleza kila kitu, habari ya mkono mzima na punje nne, kanga iliyouzwa, begi nililokuwa nimeshaliona. Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alisubiri nimalize kupenga kamasi, akaenda kwenye droo akatoa karatasi. Ilikuwa barua yangu. Ilikuwa imeandikwa ukurasa mzima, jina langu juu, saini chini, na juu ya saini nafasi ya mstari mmoja, nyeupe.

"Mstari wa mwisho bado," akasema. "Wiki ijayo tutapima tena meza ya saba. Halafu utasoma matokeo."

"Kwa wakubwa wa chuo?"

"Kwanza kwa wenyewe waliopimwa. Huwezi kwenda kumsema mtu Kampala kabla hujamsema mbele yake Mpondwe."

Tukapima tena. Mke wa askari alirudi na kavera. Mara hii punje zilikuwa tatu.

Kikao kilikuwa chini ya banda la soko, mchana, baada ya watu kupungua. Akina mama walikaa kwenye magunia yao, shangazi mbele kabisa, amejifunga kitambaa kipya, kwa sababu mtoto wake leo anasema mbele ya watu. Alikuwa anamwambia jirani yake, "Ni mwangu huyu, ni mwangu." Mke wa askari alisimama nyuma, wima, karibu na nguzo. Mwalimu alikaa pembeni kabisa akatazama malori, hakunisaidia hata kwa jicho.

Nikasoma meza ya kwanza mpaka ya sita.  "Meza ya saba," nikasema, nikasoma. Mkono mzima. Mkono mzima. Punje nne, punje nne, punje tatu.

Mimi nilidhani namba zinaficha. Soko zima lilijua meza ya saba ni ya nani, maana kila mmoja alikuwa ameshahesabu kutoka mlangoni. Vichwa vyote viligeuka. Shangazi akasimama.

"Meza ya saba iko mimi," akasema. "Na zile tatu, siku ile nilikuwa naumwa mgongo."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu Mwalimu aliyaandika na mimi pia. Alisema nyongeza haiko ya maharagwe, maharagwe yana kikombe chake. Nyongeza iko ya salamu. Mutu akija na mkono mtupu wa salamu, na yeye atapata mkono mtupu, kwani mkono mtupu haulambwi. "Zile nne nilimpa kwa sababu ya watoto wake," akasema. "Andika na hiyo."

Mke wa askari akatoka kwenye nguzo. Alisema, kwa Kiswahili kile cha amri, kwamba yeye aliletwa hapa hajui lugha yoyote ya hapa. Kiswahili amekisikia kambini tu, kutoka kwa wanaume walio kwenye mstari. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya adabu. Kila siku ya soko alifanya mazoezi nyumbani, mbele ya watoto: Wewe, pima kikombe mbili, haraka. "Mimi najua hiyo ni vizuri," akasema. "Hakuna mutu aliniambia."

Banda lilivunjika kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mwishowe, na shangazi akamshika mkono mbele ya watu akamfundisha salamu pale pale, mara tatu, mpaka ya mbuzi. Mwalimu alivua miwani akafuta macho. Kwa wengine wote mambo yaliishia hapo, vizuri.

Nyumbani Bwera hayakuishia hapo. Jioni ile shangazi alipakua chakula. Alichukua kikombe cha bati, akanijazia wali, akapitisha kisu juu yake kukata kilima, akamimina kwenye sahani yangu. Akafanya vivyo hivyo na maharagwe.

"Nakupa sawa na watu wengine," akasema. "Si ndiyo munataka?"

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Ilikuwa ya miaka. Hakunitukana, hakuninyima, alinisindikiza kwenye basi nilipokwenda chuo, akaninunulia na godoro. Lakini kila nilipoketi kula mikononi mwake, kisu kilipita juu ya kikombe. Alikuwa ameamini kwamba nilimuuza mbele ya soko kwa ajili ya barua. Ningeweza kumwambia habari ya mbegu, kwamba kabla ya kumsema nilijaribu kumficha. Sikumwambia. Kwanza niliona haya. Pili, ukaidi wa ukoo wetu haukuishia kwake, nami niliurithi wote.

Barua nilipewa ndani ya bahasha iliyofungwa. Safari nzima mpaka Kampala niliishika mapajani, na mara mbili nilijaribu kuichungulia kwenye mwanga wa dirisha, sikuona kitu. Ofisa wa chuo aliifungua, akasoma, alipofika chini akanitazama muda mrefu. "Karibu," akasema. "Nenda kajiandikishe." Nikaenda mbio kabla hajabadili mawazo.

Nyuma yangu, soko lilikuwa limeamua kuwa na usawa. Akina mama walikubaliana kwamba nyongeza iwe moja kwa watu wote, mfuniko mmoja wa chupa ya maji, bila kumtazama mtu usoni. Mwalimu alifurahi mno, akaandika sura nzima ya kitabu. Soko la kwanza likaenda salama. Soko la pili wanunuzi walianza kuhesabu mfuniko kama sehemu ya kikombe. Soko la tatu kila mmoja akishatiliwa mfuniko wake ananyoosha mkono: "Haya, na nyongeza?" Wauzaji wakajikuta wanatoa mara mbili, wakaitupa mifuniko jalalani. Mwalimu alipoletewa habari alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akachukua kalamu ya kijani, akapiga mstari juu ya sura nzima, kurasa zote, akaniambia kwenye simu, "Mwanangu, nimestaafu mara ya pili."

Hata hivyo yeye hakubadilika. Kila alipokuja Mpondwe alinunua kwa shangazi, na shangazi kila mara akatia mkono mzima, na Mwalimu kila mara akautoa akaurudisha guniani. Walifanya hivyo miaka, bila ugomvi, kama watu wanaosalimiana. "Siku moja ataichukua," shangazi alisema.

Mwalimu alifariki kabla ya siku hiyo. Nilikuwa nimeshaanza kufundisha Kasese wakati huo. Tulimzika Bwesumbu, kwao, na tulipanda mlima ule tukiwa na sufuria vichwani, akina mama wa soko karibu wote, mke wa askari akiongoza mbele na kutuhimiza, "Panda, panda, usilale," kwa adabu yake yote. Dada yake Mwalimu alinipa faili lenye jina langu. Alisema limekutwa kwenye droo. Ndani yake kulikuwa na karatasi zangu za zamani, kijani tupu, na nakala ya ile barua.

Nikaitwa niseme neno kwa niaba ya wanafunzi wake. Sikuwa nimejiandaa, nikaona heri nisome barua, watu wasikie alivyokuwa anaandika juu ya wenzake. Nikasoma kwa sauti, nikiigeuza kwa Kiswahili huku naenda. Nilisoma sifa zangu, nikaona aibu kidogo, nikaendelea. Nikafika mstari wa mwisho, ambao sikuwahi kuuona, na nilipoutambua nilikuwa nimeshafika katikati yake na haikuwezekana kurudi.

"Mwanafunzi huyu aliwahi kutia mkono mzima wa mbegu kwenye kipimo ili kumfichia aibu shangazi yake, halafu akasimama akaisoma kweli mbele ya shangazi yake huyo huyo. La kwanza hata mimi nimewahi kulifanya. La pili sijawahi kuliweza."

Nikakunja karatasi. Sikuthubutu kutazama upande wa akina mama wa soko. Nilisikia mchungaji anaanza wimbo.

Wakati wa kutia udongo tulipanga mstari. Shangazi alikuwa mbele yangu. Alipofika kaburini alitia udongo kidogo kama wengine, kisha akafungua pindo la kitenge chake, akachota maharagwe ya manjano, mkono mzima, dole gumba likisaidia, akayamwaga ndani. Mchungaji akakohoa.

"Haya," shangazi akasema, akitazama chini. "Leo airudishe."

Akasimama pale kidogo, kana kwamba anangoja kweli. Nilimshika kiwiko tukaondoka. Tukashuka mpaka chini kwenye sufuria, ambako alifunga kitambaa chake upya na kushika mwiko, kwa sababu zamu ya kupakua ilikuwa yake. Nikasimama kwenye mstari na sahani yangu. Alinitilia mwiko mmoja wa maharagwe, kama wote. Nikageuka niende.

"Weye," akasema. "Rudi."

Nikarudisha sahani. Akatia mwiko wa pili, ukiwa umejaa mpaka rojo likamwagika kwenye vidole vyangu, na hakunitazama, aliita tu, "Mwingine." Nikaenda kukaa kwenye jiwe pembeni ya mke wa askari, nikala yote, huku nalia na kutafuna.